Saa ya Kuondoka Mezani

Watu wasiocheza kamari hudhani ya kuwa taabu ya mcheza kamari ni kushindwa. La hasha. Aliyeshindwa mpaka senti ya mwisho hana tena la kuamua, maana mfuko wake umekwisha kumwamulia. Mwenye taabu ni yule aliyeshinda, ambaye fedha zimelundikana mbele yake na moyo wake unamuuliza: je, niondoke sasa na hiki nilichokipata, au nicheze kidogo tena? Swali hilo ndilo tunalotaka kulitazama leo. Lile la kama kamari ni halali au haramu tunawaachia viongozi wa dini, ambao wamekwisha kulisema kwa ufasaha kutushinda sisi.

Wala jambo hili si la ng'ambo tu. Kasino zipo Nairobi, zipo Kampala na Dar es Salaam, na mshahara wa mwezi huingia humo kwa miguu ya mwenyewe. Hata hivyo, mifano iliyo wazi zaidi imetoka mbali, kwa kuwa huko hesabu za walioshinda na walioshindwa ziliandikwa na kuhifadhiwa.

Mwezi wa Julai 1891, Mwingereza mmoja jina lake Charles Wells aliingia katika kasino ya Monte Carlo, katika nchi ndogo ya Monaco iliyo ukingoni mwa bahari ya Mediterania. Wakati ule kila meza iliwekewa akiba yake ya fedha kwa siku, na akiba hiyo ikimalizwa na mchezaji, meza ilifunikwa kwa kitambaa cheusi mpaka fedha nyingine ziletwe. Huko ndiko kulikoitwa "kuvunja benki". Wells aliivunja mara nyingi, akaondoka na faranga zipatazo milioni moja. Novemba akarudi, akashinda tena. Mjini London wakamtungia wimbo, na jina lake likavuma kila mahali. Mwaka uliofuata akarudi tena Monte Carlo, safari hii kwa meli yake mwenyewe ya anasa, na mara hii fedha zikaenda na maji. Baadaye ikadhihirika kwamba mitaji aliyochezea ilikuwa ya watu aliowadanganya kwa uvumbuzi wa mitambo. Akakamatwa na kufungwa, naye akafariki Paris mwaka 1922 katika ufukara.

Wenye kasino hawakumchukia hata kidogo wakati aliposhinda. Na wamchukieje? Kila alipovunja benki, treni zilizidi kujaa watu waliotaka kwenda kuivunja wao.

Ili tuelewe kwa nini wenye meza huwa watulivu hivyo, yafaa tutazame gurudumu la ruleti. Gurudumu la Ulaya lina vijumba 37 ambamo kigololo huweza kutua: vyekundu 18, vyeusi 18, na kimoja cha kijani ambacho ni cha sifuri. Anayeweka dau lake kwenye nyekundu na kushinda hulipwa kiasi kile kile alichoweka, kana kwamba nafasi ni nusu kwa nusu. Kumbe nafasi yake ni 18 katika 37. Upungufu huo ni mdogo sana, hata haufiki tatu kwa mia, lakini ndio unaolipia taa, mazulia, wahudumu na faida ya mwenye mali. Gurudumu la Marekani lina sifuri mbili, na humo upungufu huzidi tano kwa mia.

Sasa tuchukue mtu aliyeingia na shilingi 100, naye ameazimia kuondoka atakapokuwa na 200. Akiziweka zote mara moja kwenye nyekundu katika gurudumu la Ulaya, nafasi yake ya kufanikiwa ni kama 49 kwa mia. Akiziweka shilingi kumi kumi mpaka azifikie 200 au aishiwe, nafasi hiyo hushuka hadi kama 37 kwa mia. Na akiweka shilingi moja moja, kwa uangalifu wote wa mtu anayejiona ana busara, nafasi yake haifiki hata nusu ya moja kwa mia. Msomaji asiyeamini na afanye hesabu mwenyewe. Wanahisabati wa Ulaya waliitafiti tangu karne ya 17, siku za Pascal na Huygens. Haba na haba hujaza kibaba, lakini hapa kibaba ni cha mwenye meza.

Kutokana na hesabu hiyo twaweza kuzipima zile kanuni ambazo wacheza kamari hufundishana. Wako wasemao: ukizidisha mtaji wako kwa nusu, ondoka. Wengine husema: mtaji utie mfukoni, uchezee faida peke yake. Wengine hujiwekea mpaka wa hasara. Hakuna hata moja kati ya kanuni hizo inayoongeza nafasi ya mchezaji katika mzunguko wowote wa gurudumu, na anayeziuza vitabuni kama siri ya ushindi anauza upepo. Manufaa yake ni ya namna nyingine kabisa: humpunguzia mtu idadi ya mizunguko. Aliyeondoka saa mbili usiku ameupa upungufu ule muda mfupi wa kumla kuliko aliyekaa mpaka alfajiri.

Iko na kanuni moja mbaya kuliko zote, nayo hupendwa sana: "Nitaondoka bahati itakapoanza kugeuka." Tarehe 18 Agosti 1913, katika kasino ile ile ya Monte Carlo, kigololo kilitua kwenye nyeusi mara 26 mfululizo. Watu walijazana mezani wakimwaga fedha kwenye nyekundu, kila mmoja akiamini kwamba nyeusi imekwisha kuchoka. Gurudumu halichoki wala halikumbuki. Anayengoja dalili ya bahati kugeuka anangoja kitu kisichotangulia kuonekana. Atakachokiona ni pengo katika fedha zake, na pengo hilo halimwambii lolote juu ya mzunguko unaofuata.

Hapo mtu atasema: basi dawa ni kujizuia tu. Aliyeisema dawa hiyo kwa yakini kuliko wote alikuwa Fyodor Dostoevsky, yule mwandishi mashuhuri wa Urusi, na kisa chake chastahili kusimuliwa kwa kirefu kidogo.

Mwaka 1863, akiwa njiani kwenda Paris, alipitia mji wa Wiesbaden katika Ujerumani, akacheza ruleti, akashinda faranga 10,400. Zilikuwa fedha nyingi kwa mwandishi aliyekuwa na mke mgonjwa nyumbani. Naye alifanya lile ambalo mshauri yeyote angemwambia afanye: aliondoka mezani, akazichukua mpaka chumbani kwake, akazifungia katika mkoba wa safari kwa ufunguo, akaazimia kuondoka mjini kesho yake bila ya kukanyaga tena kasinoni. Lakini ufunguo ulikuwa mfukoni mwake. Alirudi, na karibu nusu ya fedha zile zikapotea. Sehemu ya zilizosalia aliituma nyumbani. Siku chache baadaye, akiwa Baden-Baden, alicheza tena hata akabaki karibu mikono mitupu, na ikambidi aandike kuomba arudishiwe baadhi ya zile alizokwisha kuzituma.

Cha ajabu ni kwamba katikati ya mambo hayo alimwandikia barua shemeji yake, dada wa mkewe, akimweleza kuwa siri ya ushindi anaijua, nayo ni rahisi mno: mtu ajitawale kila dakika na asipandwe na moto, hata mchezo uendeje. Hatuna haki ya kumcheka. Alilisema jambo la kweli, tena alilijua kuliko wengi wetu, na lisimsaidie chochote mara miguu yake ilipoelekea tena kwenye mlango ule.

Mwaka 1866 aliigeuza taabu hiyo kuwa riwaya fupi juu ya mcheza kamari, akaisomea kwa mdomo kwa muda wa siku 26 kwa binti aliyekuwa akimwandikia, Anna Grigoryevna. Mwaka uliofuata wakaoana. Kiangazi cha mwaka huo huo wa 1867 huko Baden-Baden, herini za bibi huyo, bruchi yake na pete yake ya ndoa viliwekwa rehani ili mume apate fedha za kurudi mezani. Palikuwa na siku alizoshinda, na ushindi wa siku hizo haukukaa. Aliacha mwaka 1871, baada ya kushindwa tena Wiesbaden, akamwandikia mkewe kwamba ndiyo mwisho. Na kweli hakucheza tena mpaka alipofariki mwaka 1881. Tukumbuke pia kwamba kufikia mwisho wa mwaka 1872 sheria ya Ujerumani ilikuwa imezifunga kasino zote za nchi ile.

Ni kitu gani hasa kinachomrudisha mtu ambaye tayari amekwisha kuwa na faida? Wataalamu wawili wa Marekani, Richard Thaler na Eric Johnson, walichapisha uchunguzi wao juu ya jambo hili mwaka 1990. Walionyesha kwamba mtu aliyetoka kushinda huwa mwepesi zaidi wa kubahatisha, kwa kuwa zile fedha mpya hajazihesabu moyoni kuwa ni zake. Huziona bado kama mali ya mwenye meza aliyoazima kwa muda. Zikipotea, hujiambia kwamba hakupoteza kitu. Kasino nazo humsaidia kufikiri hivyo. Mezani hakuna noti, bali visahani vya rangi vinavyosimama badala ya fedha, na kisahani hakifanani na karo ya mtoto wala kodi ya nyumba. Hurudi kuwa fedha pale tu mtu anapoinuka na kwenda kwenye dirisha la mtunza hazina. Twadhani mwendo huo wa hatua chache, kutoka mezani mpaka dirishani, ndio safari ngumu kuliko zote katika jengo zima.

Mgiriki mmoja aliyejulikana kwa jina la Archie Karas hakuumaliza mwendo huo. Yasimuliwa kwamba alifika Las Vegas Desemba 1992 akiwa na dola 50 mfukoni. Akakopa dola 10,000, akaanza na karata, akawashinda baadhi ya wachezaji hodari wa zama zake, kisha akaingia katika dadu, na baada ya muda mali yake ikapita dola milioni 40. Milioni arobaini! Hata kwa maisha ya kifalme ni vigumu kuzimaliza. Mwaka 1995, kwa muda wa majuma machache, milioni zipatazo 30 zikarudi zilikotoka kwa njia ya dadu na karata. Akaondoka na zilizobaki, akaenda kwao Ugiriki kupumzika. Huo ulikuwa wakati wake wa kuwa salama, bahari kubwa ikiwa kati yake na meza. Alirudi, na zilizobaki nazo zikaisha. Alifariki mwaka 2024, na bado wacheza kamari humtaja kwa heshima, jambo ambalo sisi linatushangaza kuliko hasara yenyewe.

Mfano wa kinyume chake ni wa Ashley Revell, kijana wa Kiingereza wa miaka 32. Mwaka 2004 aliuza kila alichokuwa nacho, pamoja na nguo zake, akapata dola 135,300. Akaenda katika hoteli ya Plaza mjini Las Vegas, akaziweka zote kwenye nyekundu kwa mzunguko mmoja. Kigololo kilitua kwenye saba, ambayo ni nyekundu. Akachukua dola 270,600 na kuondoka. Wengi humsifu kwa ujasiri, na sisi hatumshauri yeyote amwige, kwani nafasi yake ya kutoka mtupu ilikuwa kubwa kuliko ya kushinda. Linalotuvutia ni kwamba swali la lini aondoke lilikuwa limejibiwa kabla hajapanda ndege. Mzunguko ulikuwa mmoja, na kamera za televisheni zilikuwa zikimtazama. Hakuachiwa nafasi ya kujiuliza mbele ya rundo la visahani.

Serikali kadhaa zimekwisha kulitambua jambo hili kwa njia zao. Monaco, ambayo kasino ilikuwa tegemeo lake kubwa kwa miaka mingi, imewakataza raia wake wenyewe kucheza humo. Katika jimbo la Missouri, Marekani, tangu mwaka 1996 mtu anaweza kwenda mwenyewe, akiwa na akili zake timamu, akajiandikisha katika orodha ya wasioruhusiwa kuingia kasinoni. Akionekana ndani, huhesabiwa amevunja sheria kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake. Singapore, iliyofungua kasino zake mwaka 2010, humtoza raia ada ya kiingilio tangu siku ya kwanza. Ilianza kwa dola 100 za huko, ikapandishwa hadi 150 mwaka 2019. Tena nchini humo mke, mume, mzazi au mtoto aweza kupeleka ombi ili jamaa yake azuiwe. Ombi likikubaliwa, mtu huyo hurudishwa mlangoni, awe ametoka kushinda jana au hajashinda kamwe.