Kikundi chenu kinafanya kazi, lakini nani kijijini anajua?

Vikundi vingi vinavyosaidia yatima au kutunza chanzo cha maji hufanya kazi kimyakimya. Mzazi mwenye shida hajui aende wapi, na jirani akisikia mmepata mfadhili, anasema mnakula hela.

Kwa Tanzania, pa kuanzia ni mkutano mkuu wa kijiji, ambao kwa utaratibu hufanyika kila baada ya miezi mitatu. Mwoneni mwenyekiti au mtendaji mapema, awaweke kwenye ajenda. Dakika tano zinatosha: tulipokea kiasi gani, tulinunua nini, kimebaki nini. Kama kuna kazi imekwama, isemeni wenyewe kabla hamjaulizwa. Lakini msitaje majina ya waliosaidiwa. Mtoto aliyepewa sare asije akachekwa shuleni.

Hesabu hiyohiyo iandikeni kwa herufi kubwa, muibandike kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya kijiji. Asiyefika mkutanoni ataisoma.

Mkileta tangazo redioni, historia ya kikundi iacheni. (Tunaletewa nyingi sana!) Msikilizaji anataka kujua nani anasaidiwa, aje wapi, siku gani, saa ngapi, aje na nini, na kama analipia. Kwenye WhatsApp, ujumbe mfupi wa sauti haumalizi bando kama video. Wenye simu za kitochi watumieni meseji ya kawaida.

Na namba mtakayotoa iwe ya mtu anayepokea simu.