Sarafu za Susu: Usizisugue!

Susu yangu wa kule Mutomo alikuwa na senti kumi kumi za zamani, zile zenye tundu katikati, amezitunga kwa uzi wa katani na kuziweka ndani ya kiondo. Likizo moja akanipa nizitunze. Nami kwa kiherehere changu nikachukua ukwaju na majivu, nikasugua nne kama mtu anayesugua sufuria ya muthokoi. Lo, ziling'aa! Lakini susu alipozishika alizigeuzageuza, akasema, "Hizi si zangu."

Mojawapo ilikuwa ya mwaka 1936, yenye jina la Mfalme Edward wa Nane, aliyeacha ufalme Desemba mwaka huohuo. Sarafu yenye tundu haikuhitaji picha ya kichwa chake, basi zikawahi kutengenezwa kwa ajili ya Afrika Mashariki. Wakusanyaji huitafuta sana. Yangu sasa ina mikwaruzo na rangi ya waridi.

Kosa langu ni nini? Ile rangi ya kahawia si uchafu. Ni utando ambao shaba yenyewe hujifanyia kwa miaka mingi, nao huikinga. Asidi ya ukwaju, limau au siki huula utando huo, na majivu hukwaruza chuma kilichobaki chini. Ukishaondoka, ndugu msomaji, hakuna wa kuurudisha. Shilingi za 1921 hadi 1946 nazo zina robo tu ya fedha. Ukizisugua sana unazimaliza sura.

Uchafu wenyewe ni jasho la mikono, mafuta, gundi, na ule ute wa kijani unaotokana na mifuko laini ya plastiki ya PVC. Huo huyeyushwa na asetoni, ambayo haiigusi shaba wala fedha. Iwe asetoni halisi, si ile dawa ya kuondoa rangi ya kucha, kwani hiyo hutiwa manukato na mafuta.

Kwanza toa udongo kwa kuloweka sarafu katika maji ya mvua au maji safi ya betri (asidi yake la hasha!). Maji ya visima vyetu vingi vya Kitui na Makueni yana chumvi, na chumvi huila shaba polepole. Iache ikauke kabisa. Kisha iweke ndani ya glasi ya kioo, maana plastiki nyingine huyeyuka, umimine asetoni hadi izame, ufunike kwa kigae cha kioo. Baada ya robo saa itikise kidogo, uihamishie kwenye asetoni mpya. Itoe kwa kijiti, uilaze juu ya kitambaa laini. Usipanguse, itakauka yenyewe mara moja.

Tafadhali, fanya haya nje, mbali na jiko, koroboi na sigara. Mvuke wa asetoni hushika moto kwa mbali, usidhani ni mchezo. Mwombe mwalimu wa kemia awe karibu. Na mafuta ya taa usijaribu, huacha mafuta yake.

Zile saba zilizosalia nilizisafisha hivyo. Ute ulitoka, ukahawia ukabaki. Kila moja sasa imo katika bahasha yake ya karatasi, na mimi huishika kwa ukingo tu. Nilipompelekea susu, alizihesabu kwa kidole, kisha akauliza uzi wake wa katani uko wapi.