Saa 15 Kitini: Safari ya Nairobi hadi New York na Damu ya Miguuni

Kati ya Uwanja wa Ndege wa Jomo Kenyatta, Nairobi, na ule wa John F. Kennedy, New York, pana takribani kilomita 11,800. Tangu Oktoba 2018 abiria wameweza kuuvuka umbali huo bila kutua njiani: saa 15 hivi kwenda na saa 14 hivi kurudi, kwani pepo za juu zivumazo kutoka magharibi huikabili ndege iendayo na kuisukuma irudiyo. Tabibu hana haja kubwa na kilomita. Linalomhusu ni muda ambao goti limekunjwa.

Damu ya miguuni hupanda kurudi moyoni kwa msaada wa misuli ya tafu, ambayo kila ikikaza huikamua vena. Msafiri asipojinyoosha, damu hutuama na yaweza kuganda katika vena za ndani. Bonge hilo likibanduka, husafiri hadi mapafuni, na huko laweza kuua ghafla.

Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliotolewa mwaka 2007 ulionyesha kuwa safari ya saa 4 au zaidi huongeza hatari hiyo takribani maradufu. Kwa mwenye afya njema bado ni ndogo, yapata mtu 1 kati ya 6,000. Mambo hubadilika kwa mjamzito, aliyejifungua au kupasuliwa karibuni, mgonjwa wa saratani, atumiaye vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni, na hasa aliyewahi kuganda damu. Hawa wamwone daktari kabla ya kukata tiketi. Baadhi watahitaji soksi za kubana au sindano ya kuzuia damu kuganda. Aspirini ya kujinunulia si badala yake.

Wala kosa si la ndege peke yake. Basi na gari hukunja goti vilevile, hivyo atokaye Kisumu kwa basi la usiku aanze kuhesabu saa zake kituoni Kisumu. Akiwa angani, azungushe vifundo vya miguu mara kwa mara, atembee ujiani kila apatapo nafasi, na anywe maji. Kidonge cha usingizi kimnyimacho mwendo usiku kucha hakifai.

Dalili huweza kujitokeza hata wiki kadhaa baada ya kutua, wakati safari imekwisha kusahauliwa. Kwa hiyo, ajapo mtu zahanati na mguu mmoja uliovimba, wenye joto na maumivu, mhudumu amwulize kama alisafiri mwezi huo. Mguu huo usikandwe wala kuchuliwa, desturi iliyozoeleka majumbani. Mgonjwa apelekwe siku hiyohiyo hospitali yenye kipimo cha mawimbi ya sauti. Akiwa na upungufu wa pumzi, maumivu ya kifua au makohozi yenye damu, asisubiri foleni.