Mahindi Hayana VAT, Habari za Bei Zinayo

Mfanyabiashara wa nafaka katika soko la Tandale, jijini Dar es Salaam, haagizi mzigo kabla ya kujua bei ya huko unakotoka. Zamani alisubiri habari kwa madereva wa malori. Siku hizi hupiga simu Mbeya au Kibaigwa, au hutazama bei kwenye mtandao. Wengi hawajui kuwa habari hiyo ina kodi, ingawa mahindi yenyewe hayana.

VAT ilichukua nafasi ya kodi ya mauzo Julai 1998 kwa kiwango cha asilimia 20, ikashushwa hadi 18 mwaka 2009. Sheria ya mwaka 2014 imesamehe mahindi na maharage yasiyosindikwa, lakini si huduma za simu. Muda wa maongezi hutozwa kwanza ushuru wa bidhaa, kisha VAT juu ya jumla hiyo. Hivyo katika vocha ya shilingi 1,000, sehemu ya fedha hiyo ni kodi.

Mtandao nao haukuachwa. Tangu Julai 2022 makampuni ya nje yanayouza taarifa na huduma nyingine za kielektroniki kwa wateja wa Tanzania yana utaratibu maalum wa kujisajili TRA na kukusanya VAT. Yapo pia makato ya asilimia 2, lakini hayo ni ya mapato ya kampuni.

Mwenye duka la vifaa vya ujenzi aliyesajiliwa VAT aweza kudai kodi aliyolipa kwenye simu za biashara, mradi ana risiti halali. Muuza mahindi hawezi, hata mauzo yake yawe makubwa kiasi gani, kwa kuwa bidhaa iliyosamehewa haitoi haki ya kudai. Msamaha unamfaa mlaji, lakini kodi ya simu inabaki mfukoni mwa mfanyabiashara.

Ushauri wetu ni kwamba gharama hiyo ihesabiwe yote. Anayetumia vocha za shilingi 10,000 kutafuta magunia 50 aongeze shilingi 200 kwa kila gunia, ambapo sehemu yake ni kodi isiyorudi. Asiyeiweka kwenye bei atailipa kutoka katika faida yake.