Kisaju: Ploti zimechukua nyumba, ushanga umebaki kwa akina mama

MSAFIRI anayetoka Kitengela kuelekea Isinya kwa barabara ya Namanga hupitia Kisaju, ambako mabango ya kuuza ploti yamesimama katika malisho ya zamani ya Wamaasai wa Kaputiei.

Chanzo cha mabadiliko hayo kinajulikana. Sheria ya mwaka wa 1968 iliwapa wafugaji ranchi za vikundi, zilizomilikiwa kwa pamoja. Ranchi ya Kitengela ilivunjwa mwaka wa 1988 na kila mwanachama akagawiwa sehemu yake. Mwenye hatimiliki aweza kuuza, na wengi waliuza. Viwanda vya EPZ kule Athi River, tangu miaka ya 1990, vilileta wafanyakazi waliohitaji vyumba vya kukodi. Sensa ya 2009 ilihesabu watu 58,167 mjini Kitengela. Ile ya 2019 ilipata 154,436.

Katika hesabu hizi, sanaa husahaulika. Kwa desturi ya Kimaasai, mjenzi wa nyumba ni mwanamke. Ndiye aliyekata fito, akazisuka, akazikandika kwa udongo na samadi, na nyumba ikawa yake. Nyumba ya mawe hujengwa na fundi wa kulipwa, juu ya ardhi ambayo hati yake, mara nyingi, iliandikwa jina la mwanamume. Aliyepoteza ufundi huo amepoteza pia mamlaka.

Kilichobaki mikononi mwake ni ushanga, nao pia haukukaa kama ulivyokuwa. Shanga za kioo ziliingia kwa biashara kutoka Ulaya, zikashonwa juu ya ngozi. Ng'ombe walipopungua na bidhaa za mjini kuwa karibu, waya na vipande vya plastiki vilichukua nafasi ya ngozi. Wapo wanaonung'unika kwamba huo si Umaasai. Wanasahau kwamba shanga zenyewe zilikuwa ngeni. Mpangilio wa rangi bado humtambulisha mvaaji, kwamba ni wa sehemu gani ya Umaasai na kama ameolewa, jambo ambalo mtalii anayenunua mkufu kando ya barabara hana haja nalo.

Fedha za mkufu huo humfikia mwanamke mwenyewe. Za ploti hazikumfikia kwa urahisi hivyo. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka wa 2013 inakataza kuuza mali ya ndoa bila idhini ya mwenzi, lakini ilipopitishwa, ranchi ya Kitengela ilikuwa imegawanywa kwa miaka 25.