Nakala Unayojivunia, Umewahi Kuifungua?

Kila muhula unapofika ukingoni, vyumba vya walimu husikika kilio kimoja ambacho wahusika wake hubadilika lakini maneno yake hayabadiliki: tarakilishi imekufa, na alama zote zilikuwamo. Mwenye msiba hupewa pole, akashauriwa amwone fundi, kisha kila mmoja hurejelea madaftari yake akiamini kwamba balaa hiyo ni ya mwenzake. Nami nilikuwa miongoni mwa wenye imani hiyo hadi Desemba mwaka wa 2016.

Tarakilishi niliyokuwa nayo nyumbani wakati huo ilikuwa imezeeka. Ukiiwasha asubuhi, ungeweza kuchemsha chai na kuinywa kabla haijawa tayari kwa kazi. Nikaipeleka kwa fundi mmoja mjini, kijana mpole mwenye adabu, ambaye baada ya kuitazama alisema dawa ni moja tu, nayo ni kufuta kila kitu na kuweka mfumo-endeshi upya.

"Mwalimu, kuna kitu cha maana humu ndani?" akaniuliza.

"Nimeshanakili kila kitu kwenye flashi," nikamjibu. "Wewe futa tu."

Akafuta, na sina haki ya kumlaumu.

Jioni hiyo nilichomeka flashi yangu kwa moyo mkunjufu. Majina yote yalionekana kwenye skrini, moja baada ya jingine, lakini kila nililobofya lilikataa kufunguka. Kumbe nilichokuwa nimenakili ni zile alama za njia ya mkato zilizokuwa kwenye uso wa skrini, zenye kishale kidogo pembeni, ambazo kazi yake ni kuielekeza tarakilishi mahali faili yenyewe ilipo. Kila moja ilikuwa na ukubwa wa kilobaiti moja au mbili tu. Nilikuwa nimehifadhi anwani za nyumba zilizokwisha kubomolewa.

Alama za wanafunzi zilikuwa zimechapishwa, na mitihani ya kale haikuwa hasara ya kumliza mtu mzima. Kilichoniuma ni sauti. Humo mlikuwa na wazee saba wa Kilifi niliowarekodi wakisimulia ngano na kufafanua methali, kazi niliyoifanya likizo baada ya likizo. Watatu kati yao walikuwa wamekwisha kufariki.

Naisimulia aibu hii kwa sababu ndani yake mna makosa mawili tofauti, na watu wengi huyachanganya. La kwanza ni kwamba nilichagua kwa kubahatisha nini kinakiliwe na nini kiachwe. La pili ni kwamba sikuifungua nakala yangu kwenye tarakilishi nyingine kabla ya kuitoa ya asili ikafutwe. Kosa la kwanza lina dawa ya kiufundi, nayo ni ile inayoitwa taswira ya diski. La pili halina programu ya kulitibu.

Taswira ya diski ni nini? Mtu anaponakili nyaraka zake huchukua kile anachokikumbuka. Programu ya taswira haimwulizi mtu anakumbuka nini. Huisoma diski nzima, sehemu kwa sehemu, ikachukua mfumo-endeshi, programu, mipangilio ya printa, nywila za mtandao, nyaraka, na hata picha ulizosahau kwamba unazo, kisha ikaviandika vyote katika faili moja kubwa au fungu la faili. Diski ikifa kesho, unanunua nyingine, unairudisha taswira hiyo, na tarakilishi inaamka kama ilivyokuwa siku ile ilipopigwa picha. Mwalimu ambaye amewahi kupoteza juma zima akitafuta programu moja ya zamani ya kutungia mitihani, ambayo diski yake ya kuiwekea imepotea, ataelewa faida ya jambo hili bila kufafanuliwa zaidi.

Ufundi huu si mpya. Mwaka wa 1995 Murray Haszard wa kampuni ya Binary Research, huko Auckland, New Zealand, alibuni programu aliyoiita Ghost. Kampuni ya Symantec iliinunua mwaka wa 1998 ikaiuza kwa jina la Norton Ghost hadi 2013. Waliotunza maabara za tarakilishi za miaka hiyo wanalikumbuka vyema jina hilo, kwani mtu aliweza kuitayarisha mashine moja tu, kisha akazifanya nyingine zifanane nayo. Leo iko Clonezilla, iliyotoka katika kituo cha taifa cha tarakilishi zenye nguvu nyingi nchini Taiwan, nayo hutolewa bila malipo. Windows nayo imebakiza kifaa chake cha kutengeneza taswira tangu toleo la 7, ingawa Microsoft yenyewe ilitangaza mwaka wa 2017 kwamba haitakiendeleza tena.

Mimi hutumia Clonezilla, japo sura yake haivutii. Ina maandishi meupe, masanduku ya rangi ya kijivu, na maswali mengi yanayomtisha mgeni. Huwekwa kwenye flashi, na tarakilishi ikawashwa kutoka kwenye flashi hiyo badala ya diski yake. Jambo hili lina maana: mfumo-endeshi wako unakuwa umelala fofofo wakati unaponakiliwa, hivyo hakuna faili inayobadilika katikati ya kazi. Tena programu hiyo, ikiutambua mpangilio wa diski, huchukua tu sehemu zenye kitu na kuzibana. Diski ya gigabaiti 500 iliyotumika gigabaiti 80 haihitaji nafasi ya 500. Hutosheka na 80 au pungufu ya hapo. Ukiwa na tundu la USB la kizazi cha pili, ambalo kwa kawaida hupitisha megabaiti thelathini na kitu kwa sekunde, kazi hiyo huchukua kama dakika 40 hivi. Muda huo unatosha kusahihisha insha kadhaa.

Lakini ipo hatua moja ambapo mkono hauna budi kutulia. Programu itakuuliza diski ipi isomwe na ipi iandikwe. Ukizibadilisha, diski tupu itanakiliwa juu ya iliyojaa, na kile ulichokuja kukiokoa kitaangamia kwa amri yako mwenyewe. Usizitambue diski kwa mpangilio wake kwenye orodha; zitambue kwa ukubwa na jina la mtengenezaji, tena uzisome kwa sauti. Mke wangu hucheka akinisikia nikizungumza na mashine. Namwacha acheke.

Wako watakaosema kwamba mambo haya yamepitwa na wakati kwa kuwa nyaraka zao ziko kwenye wingu. Naam, wingu lina manufaa yake, na barua za kila siku nami huziweka huko. Hata hivyo, huduma nyingi za aina hiyo kazi yake ni kuoanisha: ukifuta faili hapa, nako inafutika, na usipoligundua kosa mapema muda wa kuirejesha hukupita. Isitoshe, wingu halikurudishii programu zako wala mipangilio yako, na anayetaka kuteremsha gigabaiti 80 kwa bando la simu na afanye hesabu kwanza. Vivyo hivyo taswira haichukui nafasi ya kunakili nyaraka kila siku. Taswira ni ya mara moja kwa muhula, au kabla ya tendo la hatari, mathalani kubadilisha mfumo-endeshi. Wengi wanalikabili tendo hilo tangu Microsoft ilipokomesha huduma ya kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Tena ipigwe mashine ikiwa na afya, kwani taswira ya tarakilishi yenye virusi huvihifadhi virusi vilevile kwa uaminifu mkubwa.

Sasa nirudi kwenye lile kosa la pili, maana ndilo linalowaangusha hata wataalamu. Mwaka wa 1998, wakati kampuni ya Pixar ya Marekani ilipokuwa ikitengeneza filamu ya Toy Story 2, mtu mmoja alitoa amri ya kufuta mahali pasipofaa, na sehemu kubwa ya filamu ikatoweka mbele ya macho yao. Wakakimbilia nakala za akiba, wakagundua kwamba mitambo ya kunakili ilikuwa imeshindwa kazi yake pasipo yeyote kujua. Filamu iliokolewa na Galyn Susman, mmoja wa wasimamizi wa ufundi, ambaye alikuwa na nakala kwenye tarakilishi ya nyumbani kwake kwa sababu alikuwa amejifungua na akawa anafanyia kazi huko. Kampuni nzima yenye wahandisi wake ilienda kuuchukua mtambo wa mama mwenye mtoto mchanga na kuurudisha kwa gari ukiwa umefunikwa mablanketi.

Nina hakika kuwa wengi wanaosoma makala haya wamo katika hali ya Pixar kabla ya siku ile. Wana nakala, lakini hawajawahi kuzirudisha. Clonezilla ina uwezo wa kuikagua taswira na kusema kama yaweza kurudishwa, nayo ni hatua njema, lakini jaribio la kweli ni kuichukua diski kuukuu, kuirudishia taswira hiyo, kuiweka kwenye tarakilishi na kuiwasha. Msilifanye jaribio hilo juu ya diski mnayoitumia, hasa kwa tarakilishi isiyo na betri; umeme ukipotea katikati ya kurudisha, mtabaki na diski nusu. Nashangaa kwamba mtahiniwa wa somo la kompyuta hudaiwa afanye mradi wa miezi kadhaa kwa ajili ya KCSE, lakini ni nadra kuambiwa auonyeshe mradi huo ukirudishwa kutoka kwenye nakala. Ningekuwa mtunzi wa mtaala, hilo ningelipa alama.

Kuhusu mahali pa kuiweka, sina mengi. Diski ya akiba iliyoachwa imechomekwa hufungwa pamoja na tarakilishi siku programu za kudai fidia zinapoingia, na mwizi anayebeba mashine hataiacha diski iliyo kando yake. Ipelekwe nyumba nyingine. Na kwa kuwa ndani yake mna alama na majina ya watoto wa watu, ifungwe kwa nywila.

Mwaka wa 2017 nilirudi Kilifi na kinasa sauti. Kati ya wazee wanne waliosalia, mmoja alikuwa hanikumbuki tena. Nyanya mmoja alinikaribisha, akanipa maji, akanisikiliza nikieleza nilichokijia, kisha akaniuliza, "Mjukuu wangu, si ngano hii nilishakupa?"

"Ulinipa, Nyanya," nikasema. "Niliipoteza."

Akanitazama kwa muda, akaanza upya. Ilitoka fupi kuliko mara ya kwanza, na wimbo uliokuwa katikati yake hakuukumbuka. Faili hiyo ina dakika kumi na moja. Iko katika taswira iliyomo kabatini mwa dada yangu huko Voi, na kila likizo ya Agosti huenda nikairudisha kwenye diski kuukuu, nikaifungua, nikaisikiliza hadi mwisho.