Jembe, trekta na shinikizo la udongo wa Likasi

Shituru, mjini Likasi huko Katanga, inajulikana kwa shaba. Viwanda vyake vilianza kuzalisha mwaka 1929 chini ya kampuni ya Union Minière, na leo ni mali ya Gécamines. Lakini watu wa Likasi hawali shaba, wanakula bukari ya mahindi, na pembezoni mwa mji mahindi bado yanalimwa kwa jembe la mkono.

Mwezi wa tisa, udongo mwekundu wa huko umekaa bila mvua tangu mwezi wa tano. Jembe linadunda, linabandua bonge moja dogo, na mtikisiko unapanda hadi kwenye viwiko. Mvua za kwanza zikishanyesha, jembe lile lile linazama bila ubishi. Zikizidi, mfinyanzi unaganda kwenye bapa na mkulima anasimama kila mara kuukwangua kwa kijiti. Shamba ni lilelile, ila nguvu anayotumia ni tofauti kabisa.

Mfaransa Charles-Augustin de Coulomb alieleza sababu yake mwaka 1776: udongo hukataa kukatwa kwa njia mbili, mshikamano wa chembe zake na msuguano kati ya chembe hizo. Mwaka 1965 Mwingereza A. R. Reece aliingiza wazo hilo katika kanuni ya zana za kuchimba, akajumlisha uzito wa udongo unaosukumwa, mshikamano wake, mnato wake kwenye chuma na mzigo ulio juu yake. Ukilima kwa kina maradufu, sehemu ya mshikamano huongezeka mara mbili, ila ya uzito huongezeka mara nne. Wenye haraka ya kulima chini sana wangeitazama hesabu hiyo kwanza.

Kanuni hiyo hutoa namba moja tu, wakati shinikizo halitulii hata sekunde. Plau ya trekta ikisonga, udongo ulio mbele yake unabanwa na shinikizo linapanda. Ghafla ufa unatoka kwenye ncha ya chuma, unakimbia kimshazari hadi juu, kabari ya udongo inainuka, na shinikizo linaporomoka. Kisha inaanza upya. Ukiunganisha kipimo kwenye plau, mchoro unaotoka ni meno ya msumeno. Wastani wake ndio unaokula mazuti. Vilele vyake ndivyo vinavyovunja chuma.

Kuiga meno hayo kwenye kompyuta, wahandisi wanatumia mbinu ya Peter Cundall na Otto Strack ya mwaka 1979, ambayo hukokotoa mwendo wa kila chembe peke yake. Migodini mbinu hiyo hiyo huiga vinu vya kusaga mawe. Tatizo ni kwamba chembe za shamba halisi hazihesabiki, kwa hiyo modeli hutumia chembe kubwa za kubuni, kisha zinarekebishwa hadi matokeo yalingane na vipimo. Na Katanga ina vichuguu, vingine vya kimo cha mita 8, vyenye mfinyanzi mwingi kuliko ardhi inayovizunguka. Trekta ikipita palipokuwa na kichuguu, udongo umebadilika kabla ya mfereji mmoja kwisha. Modeli isiyopimwa shambani siiamini.

Kwa hiyo kabla ya kutafuta trekta kubwa zaidi, chota udongo kwenye kina utakacholima, uuviringishe kiganjani. Ukitoka uzi mwembamba kuliko milimita 3 bila kukatika, udongo umelowa mno: ngoja. Ukianza kukatika-katika kabla ya hapo, ingia shambani.